Tiara ya Kufukuzia Kunguru

Mtu mwenye haya asirushe tiara. Hakuna aliyeniambia hivyo mapema, na ningeambiwa labda ningefuga njiwa. Tiara ikishapanda, kila aliye chini huinua uso. Akishaitazama vya kutosha, huanza kuufuata uzi kwa macho, polepole, kutoka kule juu hadi chini, mpaka anafika mkononi mwako. Hapo anakutazama wewe. Halafu anauliza, na hapa kwetu Ujiji wote huuliza swali hilohilo: "Hiyo inakusaidia nini?"

Nilikuwa nachezesha uzi na kutazama miguu yangu hadi muulizaji achoke.

Nilianza kwa kuokota. Mama mdogo, ambaye ndiye ninayeishi kwake, alinituma upande wa Mwandiga kwa jamaa yake nikachukue mawese. Njiani, katikati ya michikichi, niliona kitu cheupe kimenasa juu kabisa. Kingekuwa mfuko wa nailoni nisingekigeukia, lakini mifuko hiyo ilishapigwa marufuku, kwa hiyo nikasimama. Uzi ulikuwa unaning'inia hadi usawa wa kichwa changu. Nikauvuta taratibu, na ikashuka tiara iliyochanika upande mmoja, pamoja na sisimizi na vumbi la kutosha kunijaza macho.

Nilitazama huku na huku kama mwenyewe yupo. Mtu mwingine angeenda kwenye nyumba ya karibu akauliza ni nani anayerusha tiara huku, anatengenezaje. Mimi niliikunja nikaitia chini ya shati, nikageuza njia nikarudi nyumbani. Mama mdogo aliponiuliza mawese yako wapi ndipo nilipoyakumbuka. Alinirudisha jua likiwa kali vilevile.

"Na usije na takataka nyingine," akanisindikiza kwa sauti hadi kwenye kona.

Niliivunja ile tiara ili nijue imeundwaje. Uti wake ulikuwa njiti ya mchikichi, ile tunayofungia fagio, na njiti nyingine imepinda kama upinde kutoka bawa hadi bawa. Niliona ni rahisi. Nikachomoa njiti kwenye ufagio wa uani, nikakata gazeti, nikapika uji mzito wa unga wa muhogo kuwa gundi. Kazi nzima nilifanya taratibu, maana mimi kila kitu nafanya taratibu. Nikaianika uani, nikaenda kuchota maji. Niliporudi kuku walikuwa wamesimama juu yake wanadonoa gundi, na kila walipodonoa walitoboa gazeti.

Ya pili niliianika juu ya bati. Hiyo ilikauka vizuri, ila ilikuwa nzito kama mkate. Ya tatu iliruka, ikageuka kichwa chini, ikajipigiza mchangani mbele ya watu waliokuwa wakipakia mtumbwi. Walicheka sana, mmoja akasema, "Dogo, hiyo imekwenda kupiga mbizi." Nikakaa nyumbani siku kadhaa. Ufagio nao ulikuwa unakonda, na mama mdogo alikuwa akiuinua, anautazama, anautikisa, kisha ananitazama mimi.

"Huu ufagio una ugonjwa gani?"

Nikasema sijui.

"Mimi najua. Unaugua wewe."

Iliyoruka kweli niliitengeneza kwa ile nailoni nyepesi inayokaa ndani ya gunia la sukari. Nikaishikiza kwa solotepu badala ya uji wa muhogo, ili kuku wasipate chochote. Uzi niliupata kwa mzee mmoja fundi wa nyavu, anayekaa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, mchana kutwa wavu umemfunika magoti. Vipande vifupi ambavyo havimfai huvitupa pembeni. Nilikuwa napita pale jioni, nasema shikamoo, naviokota, nakwenda kuviunganisha nyumbani kipande kwa kipande. Kulikuwa na kijani, cheupe, cha buluu, kimoja kinene chenye harufu ya mafuta ya taa ambayo haikuisha hata nilipokifua. Ilinichukua miezi. Uzi wote nikauzungushia kopo la maziwa, ukawa donge kubwa lisiloenea kwenye kiganja.

Basi hapo nikawa na jambo ninalolitaka, na ni hilo tu: kuuachia uzi wote, hadi fundo la mwisho. Nilishaona kwamba tiara ikiwa chini watu wanaitazama. Ikipanda wanaitazama bado. Lakini ikipanda mno inakuwa nukta, na nukta hakuna anayeijali. Nilikuwa na hakika kwamba uzi wangu ukiisha wote kwenye kopo, nitasimama pale ufukweni kama mtu yeyote anayetazama ziwa, na hakuna atakayejua kwamba kule juu, mbali, kuna kitu changu.

Kupata nafasi ya kufanya hivyo ndiko kulikonichosha.

Asubuhi haifai. Asubuhi upepo hutoka milimani kwenda ziwani, na tiara ikianguka inaanguka majini, na mimi si wa kuwaomba watu mtumbwi. Mchana ndipo upepo unageuka, unatoka ziwani unapanda mjini, mzuri, ulionyooka. Lakini mchana ndipo ufukwe unajaa, maana ndipo dagaa wanapoanikwa.

Mama mdogo ana kichanja chake pale, wavu uliotandazwa juu ya miti, na wenzake wana vyao sambamba. Asubuhi namsaidia kubeba mabeseni na kuwatandaza dagaa, kisha mchana nakuwa huru. Nilitafuta pembe ya mbali, nikaipandisha. Upepo ukalegea kidogo, tiara ikayumba, ikashuka, ikapita juu ya vichanja kivuli chake kikikimbia juu ya dagaa. Kunguru wote waliokuwa wakidokoa waliruka kwa pamoja. Walikwenda kutua kwenye paa la msikiti, wakakaa kule wanapiga kelele za kulalamika.

Mimi nilikuwa nashughulika kuiokoa tiara. Sikuona. Mama mdogo aliona.

"Wewe! Irudishe hapa."

"Wapi, mama?"

"Hapahapa. Juu ya kichanja changu."

Nikairudisha. Kunguru mmoja aliyekuwa amejaribu kurejea akageuza. Mwanamke wa kichanja cha pili akajifunga kanga vizuri, akasimama.

"Na kwangu, baba. Ipitishe na huku. Mbona unampendelea mama yako?"

Tangu siku hiyo nikawa na kazi ambayo sikuiomba. Zamani walikuwa wakifukuza kunguru kwa fimbo na mawe na matusi. Sasa wamekaa chini ya kivuli cha gunia, wamenyoosha miguu, wananiita mimi. Na shida yenyewe ni kwamba kunguru haogopi tiara iliyo juu. Akiiona iko mbali anajua haimhusu. Lazima iwe chini, iwe inakaribia kuwagusa dagaa, na tiara kukaa chini ni kazi ngumu kuliko kupanda, kwa sababu chini upepo hauna msimamo. Nilikuwa nakimbia, narudi, navuta, nalegeza. Nikiona imetulia, naanza kuachia uzi kidogo kidogo, kama mtu anayechota sukari mwenyewe akiwa amegeuka. Haujafika mbali nasikia:

"Shusha!"

"Inapanda yenyewe, mama."

"Shusha, kunguru wamerudi! Huko juu unamfukuza nani, malaika?"

Wakacheka wote. Nikashusha.

Kisha wakaanza kuirekebisha. Mama mdogo akachana kanga nyeusi kuukuu, akaifunga mkiani.

"Kunguru anaogopa cheusi," akasema.

"Kunguru mwenyewe si mweusi?" akauliza mwenzake.

"Ndiyo maana. Anajijua."

Kwa kile kitambaa tiara ilipanda kama mzee anayepanda ngazi. Mwanamke mwingine akataka nifunge kizibo cha chupa kiwe kinalia. Nilitaka kusema kwamba tiara si punda, lakini maneno yangu huja wakati watu wameshaondoka. Nikafunga kizibo. Hakikulia.

Sasa mtu atasema, si ungesubiri mbalamwezi? Hata mimi nilifikiri hivyo. Dagaa wa kwetu huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina maana, vyombo vinavutwa mchangani, hakuna dagaa wa kuanika, na wanawake hubaki majumbani au huenda mashambani. Nilizihesabu siku hizo kama mwanafunzi anavyohesabu siku za likizo. Mbalamwezi ilipofika nikafungua kile kitambaa cheusi na kizibo, nikaenda ufukweni mchana kweupe, moyo mweupe.

Nilikuwa nimesahau kwamba vyombo vikivutwa mchangani, waliomo nao wanakuwa mchangani.

Wavuvi wasio na kazi ni watu wabaya sana kwa tiara. Walikuwa wamelala kwenye vivuli vya mitumbwi, wengine wanacheza bao. Ilipopanda tu, wakaamka mmoja mmoja, wakaja wakanizunguka.

"Dogo, hiyo imeinamia kushoto."

"Siyo kushoto, kifua chake ndicho kimelegea."

"Mpeni hewa! Anashika kama ameshika mkono wa mchumba."

"Lete nikuonyeshe."

Yule wa mwisho, mwenye mabega mapana, hakungoja nimjibu. Akauchukua uzi mkononi mwangu kwa upole kabisa, kama mtu anayempokea mgeni mzigo. Upepo ukaja, uzi ukakaza, na yeye akafanya anachokijua. Akavuta. Mwenzake naye akashika nyuma yake akavuta, na wa tatu, na mara wakawa wanavuta kwa pamoja, mkono kwa mkono, wanaitikiana kama wanapandisha wavu. Tiara ilikuja chini kama jiwe. Walipoifikisha mchangani walifurahi.

"Umeona? Haijatusumbua."

Uti ulikuwa umevunjika. Nikaenda nyumbani kuchomoa njiti nyingine kwenye ufagio.

Ndivyo ilivyokuwa. Siku za giza zikiingia ni wanawake: shusha, shusha. Mwezi ukipanda ni wavuvi: lete, lete. Kati ya hao na hao sikuwahi kuachia hata nusu ya uzi wangu. Nilijaribu uwanja mmoja kule Gungu, lakini kule kuna nyaya za umeme na bodaboda zinasimama kukutazama. Nilijaribu Ijumaa, watu wakiwa msikitini. Upepo nao, nadhani, ulikuwa msikitini.

Mbalamwezi iliyofuata, yule mzee wa nyavu aliniita kwa salamu ya Kiha. Nilikuwa napita nikiwa nimekumbatia tiara yangu na kopo.

"Mwakeye, mjukuu. Hebu njoo. Huo uzi umeuzungusha namna gani, kama utumbo wa kuku?"

"Ndivyo unavyokaa, babu."

"Haukai hivyo. Lete."

Ningemkatalia vipi? Uzi wenyewe ni wa vipande vyake. Akauvua wote kwenye kopo, akaupitisha vidoleni, kila fundo langu akalipima kwa kucha, mengine akayafumua akayafunga upya. Kisha akauzungusha kwenye kijiti alichokichonga mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, umenyooka, umekaa kama uzi wa dukani. Mchana wote ulikwisha hapo. Nilishukuru. Kwa kweli ulikuwa mzuri, na kesho yake nilipoipandisha tiara, uzi ulitoka bila kukwama hata mahali pamoja.

Yule mwenye mabega mapana akaja, kama kawaida. Akauchukua. Wenzake wakajipanga nyuma yake. Nikaanza kuwaza juu ya ufagio, umebaki na njiti ngapi. Mara nikasikia sauti ninayoijua.

"Nani kawapa tiara yangu?"

Mama mdogo alikuwa amekuja kukaza miti ya kichanja chake kabla ya siku za giza kurudi. Alikuwa na nyundo mkononi.

"Yako tangu lini, mama?" akasema mwenye mabega. "Hii ni ya dogo."

"Ni ya dagaa wangu. Mkiivunja mtakuja kukaa hapa mchana kutwa, nyie na mabega yenu, kufukuza kunguru."

"Sisi hatufukuzi kunguru, mama. Sisi tunavua."

"Mnavua nini? Siku zote hizi mmelala hapo chini ya mitumbwi. Labda mnavua mashati."

Kundi zima likaangua kicheko, na mwenye mabega akaona hawezi kuachia neno hilo lipite. Lakini hapa kwetu mtu hawezi kujibizana vizuri na mikono imeshikwa. Akageuka, akanipa uzi bila hata kunitazama.

"Dogo, shika kidogo." Kisha akamgeukia mama mdogo, mikono yote miwili ikiwa huru. "Sasa sikiliza, mama. Hao dagaa unaowaanika huwa wanatembea wenyewe kutoka ziwani?"

Hapo ugomvi ukaanza kweli. Huyu anasema bila sisi mngeanika nini, huyu anasema bila sisi mngewala wabichi. Wengine wakaingia, wa huku na wa kule. Hakuna aliyenitazama. Hakuna aliyetazama juu.

Nikaanza kuachia.

Niliachia kidogo, nikasubiri mtu aseme shusha. Hakuna. Nikaachia tena. Kile kipande cha kijani kikapita vidoleni, kikafuatia cheupe, halafu cha buluu. Nilivijua vyote, kila fundo nililijua kabla halijafika. Tiara ikavuka paa la msikiti. Ikavuka mabati ya nyumba za nyuma. Kipande kinene kikapita na harufu yake ya mafuta ya taa, na hicho kilikuwa mbali ndani ya donge, sikuwahi kukiona hewani. Upepo kule juu ulikuwa mwingine kabisa, hauyumbi, unavuta kwa nguvu moja tu, kama mtu aliyekushika mkono anajua anakokupeleka. Tiara ikawa ndogo kama ukucha. Ikawa nukta juu ya michikichi. Nyuma yangu mama mdogo alikuwa akisema, "Na taa mnanunuliwa na nani?" na mimi nilisimama pale kama mtu anayetazama mji.

Nikangoja mshtuko wa mwisho, ule wa uzi kufika mwisho na kukaza kwenye kijiti.

Haukuja. Kijiti kilizunguka mara moja mkononi mwangu kikiwa kitupu, na ncha ya uzi ikapita kati ya vidole vyangu, nyepesi, ikaenda.

Nilibaki nakitazama kijiti. Kisha nikamtazama yule mzee, aliyekuwa amekaa palepale na wavu wake. Nadhani ndiye peke yake aliyeona.

"Babu," nikasema, "mwisho hukuufunga."

"Niufunge?" Alishangaa kweli. "Uzi wa nyavu haufungwi kwenye kijiti, mjukuu. Ukiufunga, utaishaje?"

Kwake uzi ni wa kwenda ukaisha, kisha unazungusha mwingine. Maisha yake yote hajawahi kufunga ncha ya uzi, na hakuwa na sababu ya kuanzia kwangu.

Ugomvi ulikatika wenyewe. Mama mdogo akaangalia juu. "Iko wapi?" Wote wakainua nyuso. Hakukuwa na uzi wa kuufuata, kwa hiyo macho yao yalizunguka zunguka angani yakarudi kwa wenzao.

"Ni nyie," akawaambia wavuvi.

"Sisi tena? Tumempa mwenyewe!"

Nikawaacha. Niliifuata kwa mguu, nikapita vichochoro vya nyuma ya msikiti, nikatokea barabarani, nikashika njia ya Mwandiga huku nikitazama kila mchikichi. Uzi wa miezi ulikuwa umelala mahali fulani juu ya mabati ya watu, na sikuweza kuurudia isipokuwa kwa kugonga milango, na kuliko hilo afadhali nianze upya. Mwishowe nikamwona baba mmoja anakwangua matope kwenye baiskeli yake kwa kijiti kando ya njia. Nilimpita. Nikasimama. Nikarudi.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Samahani, baba. Umeona tiara imepita hapa juu?"

"Tiara?" Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Kijana mzima. Inakusaidia nini?"

Nilikuwa nimechoka, jua lilikuwa linanipiga kisogoni, na jibu likatoka kabla sijalifikiria.

"Ni ya kufukuzia kunguru. Kwenye dagaa."

Uso wake ukabadilika palepale. Akaweka kijiti chake chini, akasimama, akaanza kutazama angani pamoja nami, kwa makini, kama nimepoteza ng'ombe.

"Aa, ya kazi. Ungesema. Ikiwa ya kazi lazima ipatikane." Akanionyesha bonde lenye michikichi mingi. "Kitu cheupe kilielekea kule. Uliza watu, usione aibu."

Nilikasirika njia nzima. Kumbe muda wote huo jibu lilikuwa hilo, na halikuwa hata la kweli.

Sikuipata. Labda imenasa juu ya mchikichi, uzi unaning'inia usawa wa kichwa cha mtu.

Giza liliporudi na dagaa wakaanza kuja, kunguru walijua siku ileile kwamba tiara haipo. Mama mdogo alirudi jioni sauti imemkauka. Akaingia ndani, akatoka na ufagio mpya, haujawahi kugusa sakafu, akauweka mbele yangu.

"Chagua mwenyewe. Safari hii uzi mfupi. Tutaifunga kwenye kichanja."

Nikachagua njiti. Nikapika uji wa muhogo. Kesho yake alinikuta uani na tiara mbili juu ya meza, ya gazeti na ya nailoni.

"Ya kwangu ni ipi?"

"Hiyo ya gazeti."

"Na hii nyingine ya nini?"

Nilikuwa nimeinamia kijiti kipya, nafunga ncha ya uzi. Nilikwishaifunga fundo, nikafunga jingine juu yake.

"Kuna kunguru wa juu pia, mama."

Aliweka mkono kiunoni. Nilidhani atacheka au atanichapa na ufagio. Akaguna tu, akamfukuza kuku aliyekuwa ameshapanda mezani, akaingia ndani.